Lomoro, Nembo Uliyolala Nayo

Mwaka umezunguka wote, Lomoro, tangu homa ikutoe mikononi mwetu, na simu yako haijazima hata mara moja. Mkeo Poni ameilinda. Asubuhi kabla ya kuwasha jiko anaichomeka kwenye betri ya sola, anafuta kioo kwa pindo la kitenge, halafu ndiyo anaamsha watoto. Wewe uliyechaji simu za nusu ya soko la Custom, yako ungekubali izime? Poni anajua usingekubali.

Tunakuona bado pale Custom chini ya mwavuli wa bluu, nyaya zimekuzunguka kama mizizi, jenereta inakohoa pembeni. Mtu anakuja kuchukua simu yake anakukuta umeinamia ya kwako, vidole viwili vinakimbia. "Ngoja kidogo, ya zol, ndugu yangu," unamwambia, "kuna mtu hapa anatukana Arsenal, siwezi kumwacha hivi hivi." Na watu walikuwa wanangoja! Wengine wanakaa kabisa kwenye kreti ya soda wanauliza, "Sasa umemjibu nini?"

Hukuwahi kufukuza mtu. Mama wa mboga akija na simu imekufa na mkono mtupu, unaichomeka bila kumwangalia usoni ili asione haya. Ulirudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda na begi moja na jezi ya njano ya zamani ya Arsenal, na hivyo ndivyo ulivyoanza maisha Juba, kwa mwavuli na mdomo.

Halafu ukaanzisha grupu la mpira kwenye simu. Kelele za Juba. Kalas, basi tena, nyumba ikaisha amani!

Mlianza wachache tu. Gure, Msomali wa duka la jumla la sukari na unga pale pale Custom, Man U mpaka kwenye mfupa. Kiprono, fundi mjenzi kutoka Kenya, Liverpool. Nyaboth anayepika chai Mangateen, Chelsea, na mdomo wake mliuogopa nyote. Kuanzia Jumamosi mpaka Jumapili ilikuwa vita. Jumatatu ulikuwa unapiga marufuku mpira. "Leo kila mtu aonyeshe kitu kingine anachopenda," unaandika, na Kiprono anatuma picha ya viatu vyake vya kukimbia asubuhi, Gure anatuma ngamia wa mjomba wake, na wewe unatuma njiwa wako. Mmoja ulimwita Kipa. Mwingine Refa, kwa sababu anatembea amevimbisha kifua na hakuna anayempenda.

Na ile sheria. Sheria yako wewe mwenyewe, Lomoro, hukumwiga mtu. Timu yako ikifungwa, unatoa picha yako kwenye profaili, unaweka nembo ya aliyekufunga. Unavishwa. Na huvui mpaka aliyekuvisha aandike neno moja mbele ya wote: Vua.

Ulikuwa mkali nayo! Siku ya harusi ya Lilly, dada yako, ulikuwa umevishwa na Nyaboth. Watu wanatafuta namba yako wakutumie picha za harusi, wanakutana na simba wa Chelsea. Poni akakuambia, "Baba Keji, leo tu, toa hiyo kitu, wakwe wanakuangalia." Ukamwambia, "Mama Keji, mwanaume havui mpaka aliyemvisha aseme. Nikivua leo kwa sababu ya wakwe, kesho nitavunja neno gani?" Poni alikasirika mpaka keki ikakatwa. Lakini neno lile lilimkaa, na tunaliandika hapa kwa sababu ndilo lililomfunga mikono mwaka huu mzima.

Kwa sababu wiki ile homa inakushika, Arsenal ilikuwa imefungwa na Man U. Gure alikuwa amekuvisha. Ukalala kitandani nyumbani Atlabara na nembo ya Man U kwenye profaili, na kwenye nembo ile kuna shetani mwekundu ameshika uma.

Siku ya mwisho, jioni, uliandika kwenye grupu, na maneno yapo bado, Poni anayasoma:

"Gure, ndugu yangu, niachilie. Homa na Man U pamoja ni nyingi kwa mtu mmoja."

Gure akajibu, "Lala nayo kwanza. Kesho nitafikiria."

Asubuhi hukuamka.

Gure alikuja kwenye mazishi, akasimama mbali karibu na ukuta wa kanisa, hakumsalimia mtu. Kufika jioni kwenye grupu pakaandikwa kwamba Gure ametoka. Hakusema kwa nini. Tangu hapo, mfuko wa sukari unafika nyumbani, mfuko wa unga unafika, umebebwa na huyu au yule, na yeye mwenyewe hakanyagi.

Poni hakuwahi kuandika kitu kwenye grupu kwa jina lako. Anafungua tu, anasoma, anafunga. Mara ya kwanza alipofungua baada ya matanga, Kiprono alikuwa juu ya ngazi huko kazini, akaona juu ya skrini: Lomoro yuko hewani. Simu ikamtoka mkononi ikaingia kwenye ndoo ya simenti! Mpaka leo hiyo simu ni jiwe, anaitumia kuzuia mlango. Baadaye wakamzoea. Ukionekana hewani, Nyaboth anaandika, "Mama Keji, chai ipo, karibu," halafu wanaendelea kutukanana kama kawaida. Poni alisema hilo lilimsaidia kuliko wageni wengi waliokuja kukaa.

Sasa mama yako. Watoto wanamwita Haboba, na yeye ni wa Umoja wa Akina Mama kanisani, unamjua. Hakuwa na simu ya kioo. Mwaka huu Lilly akamnunulia, akamfundisha, na kitu cha kwanza alichotaka kuona ni wewe. Keji akamfungulia jina lako. Haboba akaisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Huyu ni nani?"

"Ni Baba, Haboba."

"Huyu ana pembe."

Haboba akaita, sauti ikafika kwa majirani: "Poni! Poni! Mtoto wangu amelala kaburini na msalaba juu yake, kwa nini hapa mmemwekea shetani?"

Tulijaribu kueleza. Mpira, Mama, ni mpira tu. Haboba hakutaka kusikia mpira. Alisema maombi ya mwaka yanakuja, kanisa lote litatafuta picha ya Lomoro, mchungaji atatafuta, na wataona nini? "Toa," alimwambia Poni. "Wewe ndiye mke wake, simu iko kwako. Kidole kimoja tu. Nakuomba kama mama."

Poni alikaa na ile simu kwenye mapaja karibu asubuhi nzima. Keji alimwonyesha pa kubonyeza. Kidole kilifika, kikarudi. Kilifika, kikarudi. Alituambia baadaye kwamba alikuwa anakusikia: nikivua leo kwa sababu ya wakwe, kesho nitavunja neno gani? Hakuweza kumkatalia Haboba, na hakuweza kukuvunjia neno lako wakati huwezi kujitetea. Akafunga kitenge vizuri, akatia simu yako kwenye kifua, akapanda boda mpaka Custom.

Dukani Gure alimwona akivuka barabara. Akachutama nyuma ya magunia! Mtu mzima na ndevu zake! Mdogo wake, Abdifatah, akabaki peke yake kwenye kaunta.

"Gure hayupo, mama."

"Hayupo, na viatu vyake viko mlangoni?"

"Hivyo... hivyo ni vyangu pia."

"Abdifatah. Mwambie huyo aliye nyuma ya gunia kwamba sikuja kugombana."

Halafu Gure akainuka polepole, unga umemjaa ndevuni, kama mzee wa miaka tisini.

"Shemeji," akasema.

"Gure. Mwaka mzima unanitumia sukari. Sukari inajua kusalimia?"

"Haijui, shemeji."

"Basi mbona wewe huji?"

Gure aliangalia chini. Alisema, "Wallahi siwezi kuona hiyo simu. Huyo mtu tulikula naye, tulitukanana naye kila siku ya Mungu, na siku moja tu akaniomba kitu. Neno moja, shemeji. Nilikuwa nalo hapa kwenye kidole. Mimi nikamwambia lala nayo. Na akalala nayo. Watu wengine walimzika na maua, mimi nimemzika na mzaha."

Poni alivuta kreti akakaa.

"Gure, mimi nilikuwa pale," akasema. "Wewe hukuwa pale, sasa nisikilize mimi. Siku ile hakula kitu tangu asubuhi. Mama yake anaomba, mimi nalia nje ili asinione, watoto wanapita kwa ncha za vidole. Yeye hajainua kichwa. Halafu simu ikalia. Akasoma hiyo mesej yako. Akacheka, Gure. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikakimbia ndani nikidhani amezidiwa. Akanionyesha simu. Akasema, 'Mama Keji, huyu Msomali ni mbaya sana, angalia.' Na akaomba uji. Akanywa nusu kikombe."

Akafuta macho kwa kitenge.

"Hicho kicheko ndicho cha mwisho nilichosikia kwa mume wangu. Mimi nakikumbuka kila siku, nacho kilitoka kwako. Wewe ulikuwa unajificha na hicho kitu nyuma ya magunia mwaka mzima."

Gure akakaa juu ya gunia la sukari, akafunika uso. Mteja alikuwa ameingia kuuliza bei, Abdifatah akamshika bega akamtoa nje taratibu.

Halafu Poni akatoa simu yako. "Mama yake anataka shetani atoke," alisema. "Mimi siwezi kumvua. Unajua ni nani anayeweza."

"Mimi nilitoka kwenye grupu, shemeji."

"Anayeongeza watu ni Lomoro," Poni akasema, na akabonyeza.

Lomoro, ungeona! Skrini za watu wote zikaandika kwa pamoja: Lomoro amemwongeza Gure. Nyaboth alikuwa anamimina chai Mangateen, akamwagia mteja mkono. Kiprono, na simu yake mpya, hakupanda ngazi tena siku ile. Hata Lual, ambaye hajaandika neno tangu ligi ile ya kabla ya ile, akaandika, "Nani amemwongeza nani?"

"Ni mimi, Mama Keji," Poni akaandika. Mara yake ya kwanza. "Tulieni. Gure ana neno."

Wote wakatulia. Wewe unajua hilo grupu halijawahi kutulia.

Gure aliandika akafuta, akaandika akafuta. Mwishowe ikaja:

"Vua, Lomoro. Vua, ndugu yangu. Nimechelewa, nisamehe. Vua."

Poni akabonyeza pale Keji alipomwonyesha. Shetani akaondoka. Akaweka ile picha uliyopigwa uani na jezi yako ya njano, unacheka, Refa amekaa begani kama ameshinda kombe. Watu waliandika kwenye grupu mpaka betri ya simu yako ikalia njaa, na hapakuwa na tusi hata moja, mpaka Nyaboth alipokumbuka akasema, "Sasa tumeona uso wa mtu, lakini hiyo jezi bado ni mbaya."

Haboba alipoonyeshwa alikaa na simu kifuani. "Huyu ndiye mtoto wangu," alisema. Halafu akaangalia tena. "Lakini huyu ndege hana nyumba?"

Maombi yamefanyika. Kanisa lilijaa. Gure alikuja, safari hii alikaa mbele, karibu na Poni na watoto, kanzu nyeupe katikati ya vitenge, na Haboba mwenyewe alimsogezea kiti. Njiwa wako wako wazima. Refa bado hapendwi.

Kitu kimoja hatujakuambia. Siku ile ile dukani, kabla Poni hajapanda boda kurudi, Gure alitoa picha yake mwenyewe kwenye profaili akaweka nembo ya Arsenal. Gure! Arsenal! Grupu likalipuka. Akaandika tu, "Leo Lomoro amenifunga." Tukadhani ni ya wiki moja, ya heshima. Jumapili iliyofuata Man U ikashinda mechi yake, na Kiprono akaanza kumchokoza: "Gure, leo siku yako, bwana, weka shetani wako tukuone. Hiyo ya Arsenal utavua lini?"

Gure akajibu, "Lomoro hajasema vua."

Na hakuna aliyemuuliza tena.

Wanaokukumbuka ni mkeo Poni. Watoto wako Keji na Wani. Mama yako, Haboba wa wote. Dada yako Lilly na mumewe. Mdogo wako Loro. Ukoo mzima hapa Juba na waliobaki Uganda. Na Kelele za Juba, wakiwemo Nyaboth, Kiprono, Lual, Abdifatah, na Gure, ambaye Haboba amesema aandikwe pamoja na ndugu.

Pumzika, Baba Keji, umevuliwa na aliyekuvisha. Simu tutaendelea kuichaji. Tukishinda tutakukumbuka, tukifungwa tutakukumbuka, na siku isiyo na mechi pia.