Kichwa cha Kinyozi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na wifi na watoto wazima. Sisi huku tuna uzima wa kutosha kuandika barua, zaidi ya hapo usiulize kabla hujakaa. Kama unashangaa kwa nini sipigi, ni kwa sababu simu zangu unazikata ukiwa kazini na ujumbe wangu wote unaujibu kwa kapicha ka kidole gumba. Nimekuandikia kwamba Baba ameganda mlangoni pa choo, unaniletea kidole gumba! Haya, sasa soma.

Vile vidonge vyake vya Parkinson vimemgeuka. Kidonge kinamshika muda kidogo, kisha kinamwachia ghafla, mkono unatikisika mpaka kikombe kinagonga meno. Wakiongeza dozi, shingo na mabega vinaanza kujinyonganyonga vyenyewe. Akifika kizingitini miguu inagoma: Mama anasukuma, mimi navuta, yeye anatugombeza wote wawili. Duka la kunyolea bado anakwenda kukaa, mashine zimefunikwa taulo, na nywele zimemjaa hadi shingoni. Wateja wa zamani wanamtania kwamba kinyozi kaamua kufuga msitu. Nilipomwambia nimwite kinyozi wa ng'ambo ya barabara amnyoe, alinifukuza dukani.

Basi daktari wa mishipa ya fahamu akatuita. Akasema vidonge peke yake havitoshi tena, lakini zipo njia nyingine. Kuna kipampu kidogo cha kuvaa kiunoni, kinapitisha dawa chini ya ngozi mchana kutwa ili isiwe inapanda na kushuka. Na kuna upasuaji: wanaingiza nyaya nyembamba kwenye ubongo, wanaziunganisha na betri iliyofichwa chini ya ngozi ya kifua, na umeme wake mdogo unatuliza mtetemeko. Alisisitiza kwamba hauponyi ugonjwa. Lakini kwa mtu kama Baba, ambaye dawa ikimshika inamfaa, unaweza kumrudishia mikono. Kipampu Baba alikikataa palepale, akasema yeye si trekta. Upasuaji akaukubali, nami kwa ujinga wangu nikafurahi.

Kabla ya upasuaji kuna kipimo. Mgonjwa anakuja asubuhi bila kumeza dawa tangu jana yake, wanamwangalia alivyo, kisha wanampa dawa na kulinganisha. Kazi rahisi, au siyo? Baba akaingia mle anatembea kama askari! Akafunga vifungo, akagusa pua, akamtania na nesi. Daktari akasema kwa hali hii haoni sababu ya kumfungua mtu kichwa. Kaka, nilitamani sakafu inimeze. Tulipofika nyumbani Mama akavikuta vidonge vilivyobaki ndani ya soksi. Alikuwa amemeza kwenye foleni ya mapokezi, na mimi nimesimama pembeni nimemshikia fimbo!

Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Nikamuuliza kama anaogopa kutobolewa fuvu, akasema haogopi. Nikamuuliza kama ni aibu ya kutetemeka mbele za watu, akasema aibu ipo, lakini angeivumilia. Kumbe ni nywele! Nesi alimwambia siku ya upasuaji watamnyoa, na Baba anasema kichwa chake hakijawahi kushikwa na mkono wa mtu baki. Alijinyoa mwenyewe kwa vioo viwili mpaka mkono ukamkatalia. Mwingine aliyewahi kukigusa ni wewe, maana si unajua utaratibu wake, anayejifunza hagusi mteja mpaka amnyoe yeye kwanza. Nikasema basi tumwite kaka. Akajibu kwamba hawezi kumwita mtu aliyemwambia afunge duka kwa sababu mikono yake imekwisha.

Nyie wawili mtanizeesha, wallahi.

Sasa lililonishikisha kalamu. Nilimdanganya. Nilimwambia umepiga simu wewe mwenyewe, umesema neno lile linakuuma, na umeomba uje umnyoe. Kisha nikamweleza daktari habari za soksi, akakubali kumpima tena. Tuliporudi kwenye kipimo, Baba alivua soksi zote mbili mlangoni akanikabidhi. Safari hii hakuwa amemeza kitu. Alitetemeka mpaka vifungo vikamshinda na mate yakamtoka, wanafunzi wa udaktari wamejipanga ukutani wanamtazama, wala hakuinamisha uso. Alipoganda katikati ya chumba, nesi akataka kumshika. Baba akamwambia amwache, mwanawe anakuja. Mimi nilitoka nje nikalia.

Wamempitisha. Upasuaji ni Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu. Nimemwomba daktari, amekubali umnyoe palepale wodini asubuhi hiyo, kwa mashine yao, si kwa wembe, ngozi isikwaruzike. Jana Baba kanituma nifue ile shuka nyeupe ya kunyolea, nayo imeanikwa uani. Kila jioni ananiuliza utafika na gari la saa ngapi, na uongo umeniishia. Ukiona vigumu kumwomba radhi, usimwombe, nimeshakuombea. Wewe njoo tu. Na ole wako uniletee kidole gumba.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mama anakusalimu sana. Baba hajatuma salamu, anasema atakupa mwenyewe.

Mdogo wako,
Kidomo