Kitambaa cha Mama Mkwe

Ndugu yangu, nimeumbuka. Nimeumbuka ukweni, mke wangu akiangalia.

Kompyuta ya baba mkwe ikifungua video inakwama. Mimi nikajitia fundi, si unanijua? Nikasema kwa sauti nzito, "Hivi ni virusi, baba." Virusi! Sijui nilivitoa wapi.

Masaa matatu nimeinama pale. Nikafuta programu, bado inakwama. Nikafuta kabisa mafaili makubwa makubwa ili ipumue, bado. Nikatangaza mashine imekufa, wanunue mpya.

Mama mkwe akaja na chai, akaondoa kile kitambaa chake cha kufuma alichoifunikia mashine isiingie vumbi. Kumbe kilikuwa kimeziba feni! Haukupita muda, video zikaanza kuteleza. Kitambaa, ndugu yangu! Na kiwiko changu kilikuwa juu yake muda wote.

Baba mkwe akafurahi: "Haya, tuwekee ile ya harusi yenu."

Ya harusi. Faili kubwa kuliko yote. Ndilo nililolifuta la kwanza, na nakala nyingine hakuna.

Mama mkwe akakunja kitambaa chake taratibu. "Si kitu," akasema. "Binti yangu bado kijana, tutarekodi nyingine."