Toleo la Nne Halitunzwi Tena

Chumba cha nyuma, ghorofa ya kwanza,
mkabala na kiwanda cha uchapaji.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mwanangu,

Kabla sijakujulia hali nikuambie nililokuficha, maana pumzi yangu siku hizi haina adabu, yaweza kunikatikia katikati ya salamu. Ule ukurasa wa Kengele, programu yetu, unaosema kwamba toleo la nne "linatunzwa" unadanganya. Hakuna anayelitunza. Ni miaka sasa hakuna.

Haya, hujambo? Mkwe wangu hajambo? Na wajukuu zangu, Mtundu na mdogo wake, bado wanagombea kiti cha dirishani? Mimi ni mgonjwa wa kweli safari hii, si yule wa kusingizia apelekewe chai kitandani. Daktari haongei tena habari za kupona, ananiuliza tu kama nalala. Mama yako mkubwa yuko hapa, ananishikia karatasi isiteleze. Amenitania: "We mzee, umeishi na kompyuta zaidi ya ulivyoishi na mimi, leo ndiyo unakumbuka kalamu?" Nikacheka, kifua kikanilipiza.

Ulikuwa mdogo Kengele ilipoanza, kwa hiyo huenda hujui yote. Mimi na baba yako tuliiandika kwenye meza moja, katika chumba hikihiki, mashine za uchapaji zikinguruma ng'ambo ya barabara. Ilikuwa programu huria: yeyote aichukue, aifungue aone ilivyoundwa, airekebishe akitaka. Kazi yake ilikuwa moja tu, kusoma vipimajoto vya friji za chanjo na kupiga kelele friji ikipata joto. Kliniki ndogo ndogo za nchi tusizowahi kuziona zikaanza kuitumia. Hapo ndipo baba yako alipokataa tusiendelee mpaka tueleze maneno yetu.

"Kaka," aliniambia, "muuguzi akisoma 'toleo thabiti' ataelewa nini? Mimi mwenyewe nikikuuliza unababaika."

Tulibishana mpaka chai ikaganda utando. Mwishowe tukaandika ukurasa wa maana ya maneno yetu. Toleo la majaribio ni lile usilopaswa kulitegemea bado. Toleo thabiti ni lile ambalo watu wawili wamelisoma, kila mmoja kwa macho yake, na kila mmoja ametia sahihi yake kwa ufunguo wake wa siri, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kulitunza toleo maana yake ukituandikia kwamba limeharibika, yuko mtu atakayekujibu na kulitengeneza. Na mwisho wa matunzo maana yake lingali linafanya kazi, lakini ukianguka nalo hakuna wa kukuinua. Sentensi hiyo ya mwisho ni ya baba yako. Mimi niliiona inatisha watu. Yeye alisema, "Ndiyo, itishe."

Wewe unamkumbuka alivyokuwa. Hakuweza hata kupokea viatu kwa fundi bila kugeuza soli mara mbili. Watumiaji wa Kengele walimbandika jina, Bwana Subiri, kwa sababu kila walipoomba marekebisho ya haraka alijibu neno hilohilo: subirini kwanza nisome.

Ndiyo maana ile habari ya toleo la nne iliumiza sana. Najua huhitaji kukumbushwa, lakini nivumilie. Waya wa kipimajoto ukikatika, toleo lile halikupiga kelele. Liliendelea kuonyesha kipimo cha mwisho, kijani, kana kwamba mambo shwari. Wewe ndiwe uliyekuwa muuguzi mwenye ufunguo wa chumba cha chanjo katika kliniki yenu. Uliangalia kioo, ukaona kijani, ukaamini, kwa kuwa chini yake palikuwa na sahihi ya baba yako. Watoto wakachanjwa dawa iliyokwisha kufa. Surua ilipoingia ikawakuta mikono mitupu.

Nilikuwepo ulipokuja na begi lako hata hukulitua. Ulisimama mlangoni ukamuuliza, "Baba, ulisoma au hukusoma?" Akanitazama mimi, kisha akakutazama wewe. Akasema, "Sikusoma." Ukageuka. Mama yako mkubwa alikufuata ngazini na kikombe cha maji, ukamwambia, "Mpe mumeo na ndugu yake, wana kiu ya sifa." Nilikusikia. Ilinichoma kwa sababu hukukosea.

Tulirekebisha kosa lile la waya, mimi na yeye, na hapo marekebisho yakakoma. Baba yako hakutaka kutia sahihi tena. Aliniomba jambo moja tu, akaliomba kila tulipokutana, na akaliomba hata alipokuwa hawezi kunyanyua shingo: "Kaka, toleo la nne liandikie mwisho wa matunzo. Waambie watu wahame." Nikamjibu nitaandika. Sikuandika. Niliona kwamba nikiandika neno hilo, nami nimekwisha. Nilitaka pawe na kitu kimoja duniani chenye jina langu kinachosemwa kinaendelea.

Barua za watumiaji zinaingia bado. Juzi kliniki moja iliuliza kwa nini Kengele huzima yenyewe kompyuta ikibadilishwa saa. Nikaufungua msimbo, yale maagizo ya programu niliyoyaandika kwa mikono yangu. Mwanangu, sikuuelewa. Nilikaa mbele yake kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli jipya. Hawakujibiwa. Na ukurasa unawaambia yuko mtu.

Nilijaribu kuubadilisha. Ukurasa umenikataa. Tuliweka sharti kwamba hata ukurasa wa maana haubadiliki bila sahihi mbili za watu wawili waliousoma. Yangu ninayo. Ufunguo wa baba yako nao ninao, uko kwenye droo hii hii, lakini siugusi. Nimebakiwa na wewe. Si lazima ujue msimbo. Sentensi yenyewe ni hii: toleo la nne halitunzwi tena, hamieni programu nyingine, msiamini rangi ya kijani. Isome. Ukiiona ni kweli, tia sahihi yako. Mama yako mkubwa atakutumia maelekezo. Kama hutaki mkono wako ukae jirani na wangu, nitaelewa, ila nakuomba ufanye kwa ajili ya muuguzi mwingine anayeangalia kioo asubuhi hii.

Sitarajii kukuona. Sina tumaini kwamba jambo hili litafuta lolote, wala silali vizuri, nimwambie daktari nini. Nisalimie mkwe wangu, mwambie ile redio yake aliyonitengenezea ndiyo inayonisomea habari. Mbusu Mtundu, mbusu na mdogo wake. Shangazi yako wa mjini anakusalimu, na yule fundi wa uchapaji wa ng'ambo, aliyekuwa akikupa vipande vya karatasi za rangi, huuliza habari zako kila akiniona dirishani. Mungu akulinde wewe na hao wanaokutegemea, na akupe watu wa kweli wa kukuzunguka.

Nimezunguka vya kutosha. Siku ya mazishi ulisimama kando ya kaburi ukasema mbele ya watu wote, "Baba, nimekusamehe." Watu walilia. Nilikuwa hatua chache kutoka kwako, nimeshika koleo, nikaendelea kufukia. Ulimsamehe asiye na kosa. Wiki toleo la nne lilipotoka baba yako alikuwa amelazwa, macho yote mawili yamefungwa bandeji baada ya upasuaji, na watu walikuwa wakitupigia kelele za haraka, haraka. Alipokuambia hakusoma alisema kweli. Ufunguo wake alikuwa ameuacha mezani kwetu, na sahihi yake niliitia mimi.

Ni mimi, baba yako mkubwa,
nikupendaye bila kustahili jibu.