Mugonjwa Katika Kitanda ya Mama

Mardochée na Shalom, na Mama pia akitoka shamba,

Chakula iko katika kitanda ya Mama. Musicheke. Nilichemsha maharagi kidogo tu, kisha nikafunika sufuria na mablanketi yote ili iendelee kuiva yenyewe. Makala ya moto inabaki, na moshi haimuite ule askari wa barrière ya barabarani anayekula kwetu kila siku.

Lakini askari alikuja tu. "Dada, leo munapika nini?"

Nikalia kama mujane. "Chef, leo hapana kupika. Tuko na mugonjwa."

Akaona blanketi imevimba, akaigusa, akaruka. "Eh! Homa kali hivi!" Akavua kofia, akaombea maharagi yetu mpaka Amina.

Mama, jana mulisema internat, ile shule ya kulala, ilinifundisha uongo tu. ~~Munisamehe.~~ Mukule kwanza, kisha munigombeze. Leo batoto benu batashiba maharagi yabo wenyewe.

Ninaenda sokoni Mususa kutafuta mafuta ya mawese. Shalom, utie chumvi, umuwekee Mama sehemu yake.

Askari aliahidi kurudi jioni kumuona mugonjwa. Mumuambie amepona, ameenda shamba. Na mukaushe midomo, asione mafuta.

Yaya yenu, dada mukubwa,
Providence