Santuri Iliyomlainisha Baba Mkwe, Rubya

Mpendwa dada Paulina,

Nakusalimu kutoka Rubya nikiwa na furaha inayopindisha mwandiko. Hofu yako ilikuwa ya kweli: babake Deo wangu hakutaka mkwe wa kutoka Morogoro. Deo alimwambia, "Baba, siku hizi sote ni ndugu." Akajibu, "Ndugu, sawa. Nyimbo zetu atazijulia wapi?"

Jana mvua ilitufungia ndani. Baada ya kula matoke, Deo akaweka kwenye gramafoni santuri yake ya jazi ya taratibu, isiyo na ngoma, piano na fidla tu zikipiga nyimbo za vijijini kwa utulivu wa kanisani. Mzee akasikiliza, kisha akaleta enanga yake, kile kinanda cha nyuzi cha huku, akaanza kuifuata fidla kwa nyuzi zake. Nilishindwa kujizuia, nikaimba naye bila maneno. Santuri ikaisha, sisi tukaendelea, mama mkwe akicheka mlangoni na sahani ya senene, panzi wa kukaanga, mkononi.

Mzee alipopumzika alimwambia Deo, "Waarifu kwao tunakuja kuposa."

Dada, nilicheka huku nalia. Mwambie baba aipake nyumba chokaa. Nakukumbatia wewe na watoto mpaka mkose pumzi.

Mdogo wako, Agnesi