Amino Asidi Zangu na Perege wa Mofu

Jumamosi, Ifakara. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, saa tisa mchana, haijachoka. Cherehani nimeifunika. Nimeshiba, macho yamevimba, na sijui nianzie wapi.

Nianze na kopo.

Liko hapa dirishani, jeupe, lina picha ya mwanamke anayecheka meno yote nje. Vidonge vya amino asidi. Nimevimeza asubuhi na jioni nikisubiri na mimi nicheke hivyo. Wapi!

Tangu mwaka uanze nimekuwa mtu wa ajabu. Naamka nimechoka. Mteja akiniuliza gauni lake liko wapi, natamani kulia. Juzijuzi nimeshona sare ya mtoto wa watu, mikono yote miwili nikaikata ya upande wa kulia. Mimi, fundi wa miaka yote hii! Mama Jeni wa jumuiya yetu, ambaye siku hizi anauza virutubisho, akaniambia huo si uvivu, ni upungufu. Akanipeleka kwa wenzake waliokuja na mashine ya kupima mwili mzima.

Unashika kichuma kama mpini wa mwiko, kompyuta inalia lia kidogo, kwisha. Hawatoi damu, hawaulizi kitu. Dada mwenye koti jeupe akanisomea majibu: amino asidi ziko chini, hasa ile ya kutengeneza furaha kwenye ubongo. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilitaka sana liwe jambo la kumalizwa na kopo.

Maana kama si kopo, basi ni Deo.

Deo ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Alikuwa mvuvi kule Mofu. Masika ya mwaka jana mto ulifurika, mtumbwi wake ukapinduka, tukampata kesho yake. Baada ya mazishi nikamchukua Mama nije kukaa naye hapa mjini. Siku ya kwanza nilimpikia perege. Akaisogeza sahani pembeni, akanywa chai kidogo, akaenda kulala. Nikaelewa. Mto umemla mwanawe, yeye atakulaje cha mto?

Tangu siku hiyo samaki hakuingia tena kwangu. Na jina la Deo nalo halikuingia.

Tumekula wali na matembele, wali na mlenda, chai na mihogo. Nyama ni Krismasi na Pasaka. Kukaa Ifakara bila samaki, jamani! Jirani akikaanga, nafunga dirisha haraka Mama asisikie harufu.

Wiki hii nikapatwa na kizunguzungu nikiwa kwenye cherehani, nusura sindano initoboe kidole. Nikaenda kituo cha afya. Daktari ni mama mtu mzima. Nikampa shikamoo, nikampa na kopo. Alilisoma lote, hata yale maandishi madogo. Akasema amino asidi hazipimwi kwa kushika chuma, zinapimwa kwenye damu au mkojo huko maabara kubwa, na hata zikipimwa, haziwezi kumwambia mtu kwa nini ana huzuni. Akaagiza nipimwe damu. Ikaonekana pungufu kweli. Akaniandikia vidonge vya kuongeza damu, akasema vile vya kopo niviache kwanza. Kisha akauliza, "Mwanangu, nyumbani mnakula nini?"

Nikamtajia. Akashangaa: bonde lote hili, na samaki hamli? Nikafungua mdomo nijibu, nikaangua kilio. Nililia mpaka akainuka kufunga mlango. Nikamweleza yote. Akasema nirudi wiki ijayo nionane na mshauri wao, kwa sababu damu ni kitu kimoja na msiba ni kingine, na mimi ninavyo vyote viwili.

Ile mashine haikuniuliza kitu. Labda ndiyo maana niliipenda.

Leo asubuhi nikajikaza. Nikaenda sokoni na mvua hii hii, nikanunua perege wawili wa Mofu. Mama alikuwa amekaa anapepeta mchele. Nikasimama mlangoni na mfuko wangu kama mwizi.

"Mama, daktari anataka nile samaki. Usikasirike. Wewe nitakupikia maharage."

Ungo ukasimama. "Nani alikwambia mimi sili samaki?"

"Si uliwakataa, Mama. Siku ile ya kwanza."

"Siku ile hata mate yalikuwa hayapiti. Baadaye nikaona hupiki tena samaki. Nikasema, mwanangu hataki kuwaona kwa ajili ya mdogo wake. Nikanyamaza."

Mungu wangu. Mwaka mzima! Mimi nafunga dirisha kwa ajili yake, yeye anameza mlenda kwa ajili yangu. Watu wawili nyumba moja, kila mmoja anamlinda mwenzake na kitu ambacho hakuna aliyekikataa.

Tukaanza kucheka. Kikawa kicheko cha kushika mbavu, halafu kikageuka kilio, wala sijui kiligeukia wapi. Mama ndiye aliyenyamaza kwanza. Akaninyang'anya mfuko, akaanza kuparua magamba mwenyewe.

Sijapona, nisijidanganye. Wiki ijayo kwa mshauri nitaenda. Kopo nitamrudishia Mama Jeni, na nitamwambia kwa nini, ingawa najua atanuna.

Lakini mchana huu tumekula. Mama alipakua, akachukua kile kichwa kikubwa, akaniwekea mimi kwenye wali. Akakitazama kidogo.

"Deo angekunyang'anya hicho," akasema.

Nilikila chote, mpaka macho.