Nimeapa Kumkalisha Chini Mjukuu Wangu

Mshauri Batuli wa redioni,

Nisaidie lakini usinifokee, mimi ni nyanya wa watu hapa Nyamache na ndiye mwenyekiti wa wazazi shuleni kwetu, nimecheka mpaka mbavu zinauma na bado sijui nifanye nini, maana mjukuu wangu Drusilla niliyemlea mwenyewe amepata kazi Nyamira, na kazi yenyewe ni kusoma utafiti ambao watu wengine wameshafanya, wa huku na wa ng'ambo, auweke pamoja awaambie wakubwa wa elimu kinachosaidia mtoto na kisichosaidia, nikamwambia, we Drusilla, yaani chai wachume wengine, wewe uipeleke kwa mizani? Akasema, "Ndiyo, magokoro, nyanya wangu, lakini mimi ndiye natoa majani mabovu." Huo mdomo ameutoa kwangu.

Sasa Jumapili amealikwa mkutano wa wazazi aseme mtoto akianguka mtihani tusimrudishe darasa, eti wengi huona aibu wakaacha shule, afadhali afundishwe pale alipokwama, na mimi ndiye nilisema mbele ya watu wote kwamba Ruth, mdogo wake Drusilla aliyeanguka hesabu, arudie gredi ya tano akae darasa moja na kitinda mimba wetu, na nikaapa atakayenipinga nitamkalisha chini. Na si yeye peke yake anajua utafiti, nimeuliza kina mama kituoni tukingoja lori la chai, kila aliyejibu alisema mtoto wake alirudia na leo ni nesi, ni mwalimu, mmoja ni pasta, nikamwambia Drusilla aweke hayo kwa kompyuta, akaniuliza, "Na walionyamaza?" Nikamwambia walionyamaza hawana la kusema. Hata mimi nilirudia la nne, nikawekwa dawati moja na mdogo wangu Nyasani, akawa ananionyesha hesabu huku akitafuna miwa, nikaona heri jembe, nikatoka na sikurudi, na si nimekuwa mtu? Ruth naye ameanza kusema ataacha shule auze ndizi. Nimkalishe Drusilla ama niwaache watu wanicheke?

Nyanya Mwenyekiti

Nyanya Mwenyekiti,

Chai imenitoka puani kwa kicheko, na kukufokea nitakufokea.

Waliokujibu ni wenye kitu cha kuringia. Yule ambaye mwanawe alirudishwa akatoroka, angesema saa ngapi, nawe umesimama hapo na hiyo sauti? Tena umeuliza kituo kizima ukamruka mtu mmoja, aliyebeba kikapu chako. Wewe ulirudishwa, ukaona aibu, ukaacha. Drusilla hana shahidi mzuri kukushinda.

Umekuwa mtu, nakubali, hata mimi huku Kisii mjini nakuogopa. Lakini umefikishwa hapo na ukaidi wako, si dawati la Nyasani. Na Ruth akitaja ndizi, anasema lile lile ulilosema wewe ukishika jembe. Usijifanye hulisikii.

Kesho rudi kituoni, kaa karibu na mama aliyenyamaza, muulize taratibu, kisha ufunge mdomo. Mwambie mwalimu mkuu Ruth anaendelea na wenzake, na kwa hesabu iliyomshinda, Drusilla atakaa naye wikendi. Jumapili usingoje kuitwa. Simama wa kwanza, uwasimulie ile miwa, wacheke mpaka washibe.

Na kiapo chako usikivunje, nyanya. Aliyekupinga ni wewe mwenyewe. Mkalishe chini, mtoto aongee.

Batuli